5 1/4 toa 2 3/4: watoto wangu wakikopa wanakopa kumi. Mnafundishaje namba mchanganyiko?

mwalimu_wa_kata

Habari za jioni walimu wenzangu na wazazi mliomo humu. Nafundisha hisabati darasa la tano, shule ya msingi huku kijijini, mkondo mmoja tu, watoto 74, na nimekwama kwenye kutoa namba mchanganyiko kiasi kwamba nakosa raha kabisa. Naomba mnisomee mpaka mwisho.

Ijumaa niliwapa jaribio la maswali kumi. Swali la sita lilikuwa 5 1/4 toa 2 3/4. Nimesahihisha wikiendi nzima, waliopata ni 9. Tisa tu kati ya 74. Mwanzo nilitaka kukasirika halafu nikajizuia, nikasema hebu niangalie wamekosaje, nikaanza kuyapanga madaftari kwa mafungu kila kosa na fungu lake, na hapo ndo nikashangaa maana makosa yenyewe hayako ovyoovyo.

Fungu kubwa kuliko yote wana 3 2/4. Hawa wametoa 5 na 2 wakapata 3, walipofika kwenye sehemu wakaona 1 toa 3 haiwezekani, wakageuza wakafanya 3 toa 1. Fungu la pili wamenakili vibaya kutoka ubaoni, 5 1/4 imekuwa 51/4 na 2 3/4 imekuwa 23/4, wakatoa wakapata 28/4 wakarahisisha vizuri kabisa wakapata 7. Yaani mtu ana vitano na kitu, kaondoa, kabaki na saba, na hakuna aliyeshtuka.

Fungu la tatu ndo lililoniumiza. Hawa wamekopa. Wamekata ile 5 kwa kistari wameandika 4 juu yake, safi, halafu ile moja waliyokopa wameibandika ubavuni mwa 1 ya juu ikawa 11. Kwa hiyo wana 4 11/4, 11 toa 3 ni 8, jibu 2 8/4. Kuna binti anakaa dawati la mbele, mtulivu, kazi zake huwa safi mno, na yeye yumo humo. Nikamwita nikamuuliza hii kumi umeitoa wapi mwanangu. Akaniangalia akasema "mwalimu si ulisema ukikopa moja ukiipeleka jirani inakuwa kumi". Nikanyamaza. Ni kweli nilisema, niliwafundisha mimi mwenyewe wakiwa darasa la tatu, kutoa kwa kukopa, na nililisema kwa kurudiarudia mpaka wakalikariri.

Sasa naomba mnielekeze, nianzie wapi kurekebisha hili bila kuwavuruga zaidi? Chapati nimeshachora ubaoni mpaka chaki zimeisha. Wakiangalia picha ya nusu wanasema nusu, robo wanasema robo, tukirudi kwenye namba tunapotezana.

---

hesabu_kila_siku

Mkuu hapo dawa ni moja tu, wabadilishe zote ziwe sehemu guni (namba ya juu kubwa kuliko ya chini) kwanza ndo watoe, mambo ya kukopa achana nayo kabisa. 5 1/4 inakuwa 21/4, 2 3/4 inakuwa 11/4, 21 toa 11 ni 10, 10/4 ni 2 2/4 ambayo ni 2 1/2. Asili (namba ya chini) mara namba nzima jumlisha kiasi (namba ya juu). Wakishika hiyo hawakosi.

---

mwalimu_wa_kata

Asante mkuu, hiyo nimewafundisha na baadhi ya wale tisa ndo njia waliyotumia. Ila nikiwauliza kwa nini tunazidisha asili kwa namba nzima hawajui, wanasema ndo kanuni. Halafu wiki mbili wakikaa bila kuifanya wanaanza kuzidisha kiasi badala ya asili, maana hakuna kinachowakumbusha ipi ni ipi.

---

ticha_mstaafu

Mwanangu mwalimu wa kata, pole sana kwa kazi na hongera kwa hilo la kupanga madaftari kwa mafungu. Nimefundisha darasa la nne mpaka la saba miaka 31, na nakuambia mwalimu anayemuuliza mtoto "umeitoa wapi" tayari ameshafika mbali.

Sasa nisikilize. Swali ulilowapa, 5 1/4 toa 2 3/4, kesho ukiingia darasani usiliandike. Waambie wafunge madaftari, halafu uliza hivi: basi limetoka stendi saa tatu kasoro robo, likafika mjini saa tano na robo, limetembea masaa mangapi?

Watakujibu masaa mawili na nusu. Si wote kwa mara moja, ila watajibu wengi na watajibu bila kalamu. Halafu sasa ndo uandike ubaoni. Saa tano na robo ni 5 1/4. Saa tatu kasoro robo ni 2 na robo tatu, yaani 2 3/4. Ni swali lilelile walilokosa 65.

Mimi naona kosa letu walimu wengi ni kwamba tunaingia darasani kama vile namba mchanganyiko ni kitu kigeni tunawaletea. Si kigeni. Mtoto wa miaka sita akitumwa dukani anasema nipe sukari kilo moja na nusu. Anasema mbili na robo, tatu na nusu, saa nne kasoro robo. Kiswahili kimeshamfundisha kwamba kati ya namba nzima na kipande kuna "na", na hiyo "na" ni kujumlisha. Tatizo linaanza tunapoandika. Tukiandika 2 1/2 ile "na" imepotea, haionekani popote, mtoto anaona 2, anaona 1, anaona 2, vyote vimekaa jirani, na kwa miaka minne tumemwambia tarakimu zikikaa jirani inayofuata kushoto ni makumi. Ndo maana wanaandika 51/4. Wanasoma sawasawa kabisa na ulivyowafundisha kusoma.

Nilichokuwa nafanya mimi, na wenzangu walikuwa wananipinga, wiki nzima ya kwanza nilikataza kuandika 2 1/2. Tuliandika 2 + 1/2. Kila mahali, hata kwenye kazi ya nyumbani. 5 + 1/4. Mpaka mtoto mwenyewe anachoka ile alama anauliza mwalimu lazima tuandike hii kujumlisha? Hapo ndo unamwambia haya, sasa unaweza kuiacha, ila ujue ipo.

---

mama_wa_genge

Shikamoo mwalimu mstaafu. Mimi si mwalimu, nina genge na kimeza cha unga na sukari, ila mwanangu yuko la tano na hii mada imenigusa maana jana tu nilikuwa nabishana naye.

Yeye anatoa kwa kukopa mimi natoa kwa kurudisha chenji. Nilimwambia hivi, ukinipa elfu tano umenunua cha elfu mbili mia saba, mimi sifanyi hesabu ya kukopa pale, naanza na 2,700 napanda: mia tatu hii tumefika elfu tatu, na elfu mbili hizi tumefika tano, shika 2,300. Basi na hiyo ya kwenu ni hivyohivyo. Una mbili na robo tatu unataka ufike tano na robo. Ongeza robo umefika tatu. Ongeza mbili umefika tano. Ongeza robo umefika tano na robo. Umeongeza nini? Mbili, na robo, na robo. Mbili na nusu. Hakuna kukopa wala nini.

Mwanangu akasema mama mwalimu hataki hivyo. Sasa naomba kuuliza walimu, akifanya hivyo kwenye mtihani anapewa maksi?

---

ticha_mstaafu

Marahaba mwanangu. Mtoto akionyesha njia yake na ni sahihi apewe maksi zake zote. Njia hiyo ni hesabu halali kabisa, na hata lile basi la saa tatu kasoro robo watoto wengi watalipata hivyohivyo, kwa kupanda. Mimi ningekuwa mwalimu wake ningemsimamisha aje awaonyeshe wenzake ubaoni.

---

hesabu_kila_siku

Sawa ila wakuu tuwe wakweli, mtihani wa mwisho muda ni mdogo, mtoto akianza kupanda ngazi kwa ngazi atachelewa. Sehemu guni ni njia moja inamaliza zote, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya.

---

darasa_la_sita_b

Kaka hesabu nakubaliana nawe kwenye kuzidisha na kugawanya, huko lazima ziwe guni. Kwenye kutoa sikubali. Chukua 48 1/6 toa 17 5/6. Kwa njia yako mtoto anazidisha 48 kwa 6 anapata 288 anaongeza 1 ni 289, anazidisha 17 kwa 6 ni 102 anaongeza 5 ni 107, anatoa anapata 182/6, halafu anagawanya 182 kwa 6. Hapo kuna sehemu nne za kukosea. Mama wa genge angesema ongeza 1/6 umefika 18, ongeza 30 umefika 48, ongeza 1/6. Jibu 30 na 2/6 yaani 30 1/3. Nani kachelewa hapo?

Na kwenye kuzidisha napo nilikuta kosa lingine, nimesahihisha juzi, 2 1/2 mara 3 1/2 mtoto kaandika 6 1/4. Mbili mara tatu sita, nusu mara nusu robo, kaunganisha. Nilichofanya nikatoka nao nje nikawaambia tuchore shamba chini kwa kijiti, upande mmoja hatua mbili na nusu, upande mwingine hatua tatu na nusu, tukagawa kwa mistari. Likatoka pande kubwa la 2 kwa 3, ndo ile sita yao. Likatoka pande la 2 kwa nusu, hilo ni 1. Likatoka la nusu kwa 3, hilo ni 1 na nusu. Na kile kikona cha nusu kwa nusu, robo. Nikasimama kwenye yale mapande mawili ya pembeni nikawauliza hapa nani kalima? Wakacheka wakasema mwalimu tumeyaacha. 6 na 1 na 1 1/2 na 1/4 ni 8 3/4. Tangu siku hiyo nikiona mtu kaandika 6 1/4 namwambia tu "umeacha mapande" anarudi kukaa anarekebisha mwenyewe.

---

mwalimu_wa_kata

Hii ya shamba nimeinakili kwenye andalio langu hapa hapa. Asanteni mno. Kesho naanza na basi.

---

mwl_wa_akisami

Hamjambo walimu, mimi niko Kenya, nafunza gredi ya tano. Kwetu hisabati tunafunza kwa Kiingereza lakini kwenye kipindi cha Kiswahili kuna somo linaitwa akisami, yaani majina ya sehemu, na nataka kuwaambia kitu ambacho kimenisaidia sana kuliko zana zote nilizowahi kununua.

Watoto wangu walikuwa wanajumlisha 1/2 na 1/3 wanapata 2/5. Juu na juu, chini na chini. Nimewaeleza kila namna wakawa wanaitikia, kesho yake wanarudia. Siku moja nikiwa kwenye kipindi cha Kiswahili tunasoma akisami, nusu, thuluthi (1/3), robo, humusi (1/5), sudusi (1/6), subui (1/7), thumuni (1/8), tusui (1/9), ushuri (1/10), nikauliza bila hata kupanga: humusi moja ukiongeza humusi mbili ni nini? Darasa zima, humusi tatu! Hakuna aliyesema ushuri. Nikauliza subui mbili na subui tatu? Subui tano! Nikaandika ubaoni 2/7 + 3/7 nikawaonyesha ni kile kitu walichosema sasa hivi. Wakanyamaza kimya, unajua ule ukimya mtoto ameona kitu.

Kwa sababu humusi ni jina. Kama vile ndizi. Ndizi moja na ndizi mbili ni ndizi tatu, huwezi kujumlisha neno ndizi na neno ndizi. Namba ya chini ni jina la kipande, namba ya juu ni idadi ya vipande. Ukisema "mbili juu ya saba" mtoto anasikia namba mbili zilizopangwa kama ghorofa, ukisema subui mbili anasikia vitu viwili. Na ndio maana nusu na thuluthi huwezi kuzijumlisha mpaka uzipe jina moja, zote ziwe sudusi: sudusi tatu na sudusi mbili, sudusi tano. Najua kule Tanzania hamtumii sana haya majina shuleni lakini nusu, robo na theluthi mnazo, anzeni na hizo tu zinatosha.

Kwa swali la mwenzetu la kukopa, mimi ningemwambia yule msichana: ukichukua moja nzima ukaikata iwe robo, ni robo ngapi? Atasema nne. Basi ulikuwa na robo moja, umeongezewa robo nne, una robo tano. Robo tano toa robo tatu.

---

ustadh_wa_pwani

Assalaam alaykum na habari zenu nyote. Mwalimu wa akisami umenifurahisha na hayo majina. Huku kwetu pwani mimi nafundisha skuli asubuhi na madrasa jioni, na haya majina ni ya mirathi. Nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi, sudusi, hayo sita ndiyo mafungu yenyewe.

Nawapa mfano kwa anayetaka kufundisha KDS (kigawe kidogo cha shirika) kwa watoto wakubwa kidogo, la sita la saba. Mtu amefariki, kaacha mke, mama, na mtoto mmoja wa kiume. Mke anapata thumuni kwa sababu mtoto yupo. Mama anapata sudusi kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wa kiume anachukua kilichobaki. Sasa huwezi kugawa mali kwa thumuni na sudusi hivi hivi, mmoja anataka ikatwe mara nane, mwingine anataka ikatwe mara sita. Unatafuta namba ndogo kabisa inayokubali yote mawili, 24. Mke 3, mama 4, jumla 7, mtoto 17. Kama alichoacha ni minazi 24 kazi imekwisha.

Na hiyo 24 masheikh wanaiita asili ya mas-ala. Asili! Neno lile lile tunaloandika ubaoni kwa namba ya chini ya sehemu. Siku nilipoligundua hilo nilikaa nikafurahi peke yangu. Mtoto akiniuliza kwa nini inaitwa asili namwambia ndiyo mzizi, ndiyo mafungu ambayo mali yote imekatwa kabla hujampa mtu chochote.

Darasani nikiwa na watoto wa dini mbalimbali nasema tu shamba la babu lina minazi 24, huyu kapewa thumuni, huyu sudusi, inafanya kazi vile vile.

---

mama_wa_genge

Ustadh na sumni za zamani ndo hiyo thumuni? Marehemu bibi yangu alikuwa akiita hela ya senti hamsini sumni, sikujua kumbe ni sehemu.

---

ustadh_wa_pwani

Ndiyo hiyo hiyo mama. Thumuni ni moja ya nane. Zamani hesabu ilikuwa kwa reale, reale ni shilingi nne, ukiikata mara nane kila kipande senti hamsini. Reale ikaondoka jina la kipande likabaki.

---

chapati_na_chai

Mimi napingana na chapati jamani, samahani mwalimu wa kata ila naamini ndo zinawapoteza. Duara kuligawa nusu na robo rahisi, thumuni sawa, lakini jaribu kuchora duara ubaoni uligawe mara tano sawasawa bila vipimo. Unapata vipande vya kila saizi halafu unamwambia mtoto hivi ni sawa, naye anaona kwa macho yake si sawa. Na chapati haziunganiki, robo tano za chapati hazileti picha ya namba iliyopita moja, zinaleta picha ya chapati iliyokatwa na nyingine iliyoliwa.

Mimi natumia karatasi ya manila, nakata mikanda mirefu yote urefu mmoja. Unaukunja kati, nusu. Unaukunja tena, robo. Unapanga mikanda kichwa kwa mkia juu ya ubao, mmoja, wa pili, wa tatu, unaandika 0, 1, 2, 3 kwenye maungio. Halafu unamwita mtoto aje aweke kidole kwenye 2 1/4. Anatembea, moja, mbili, na robo. Anasimama pale. Wa pili aje aweke 9/4. Anahesabu robo moja robo mbili mpaka tisa, kidole kinakutana na cha mwenzake. Nimefanya hivi miaka mitano na kila mwaka wakati vidole vinapokutana kuna mtoto anapiga kelele. Hapo sihitaji kueleza asili mara namba nzima jumlisha kiasi, wanaiona wenyewe, mikanda miwili yenye robo nne nne ni nane, na moja tisa.

---

fundi_maji

Naomba na mimi fundi niseme kidogo. Nafunga mabomba mwaka wa 14 huu. Vijana wanaokuja kujifunza kazi wamemaliza la saba, wengine fomu foo, na nikimwambia niletee bomba la robo tatu analeta la nusu, kwa sababu anaona 1/2 na 3/4 zimeandikwa na hajui ipi nene. Bomba zinakwenda nusu inchi, robo tatu, inchi moja, inchi na robo, inchi na nusu, inchi mbili. Nawapanga kwanza chini kwenye vumbi kutoka jembamba kwenda nene, washike kwa mkono, ndo nawaambia soma kilichoandikwa.

Kingine ni tepu. Walimu chukueni tepu ya fundi upande wa inchi mumwonyeshe mtoto kwa karibu. Ndani ya inchi moja mstari mrefu kuliko yote umekaa katikati, hiyo nusu. Mifupi kidogo ni robo. Mifupi zaidi ni moja ya nane, na ile midogo kabisa ni moja ya kumi na sita. Mtoto akihesabu anaona nusu ni sawa na mbili ya nne na ni sawa na nne ya nane na ni sawa na nane ya kumi na sita, mstari uleule mmoja una majina manne. Mimi shuleni sikuwahi kuelewa hilo, nimelielewa kwenye tepu nikiwa na miaka 19, na niliumia kwa kweli maana niliambiwa kwamba sina kichwa cha hesabu.

---

ticha_mstaafu

Fundi, hilo la mwisho limenigusa. Wapo wengi waliopita mikononi mwetu namna hiyo. Ulikuwa na kichwa cha hesabu, hukupewa tepu.

---

mwalimu_wa_kata

Wakuu nimerudi, siku nne zimepita, nilisema nitaleta mrejesho.

Jumatatu nimeingia nikawaambia fungeni madaftari nikauliza lile basi. Mikono ilinyooka kama sitini hivi. Mbili na nusu, mbili na nusu, kila kona. Nikaandika 5 + 1/4 na 2 + 3/4 nikasema ndo basi lenyewe hili. Kijana mmoja kule nyuma, yumo kwenye fungu lililopata 7, akasema kwa sauti "kumbe". Basi, hilo neno moja tu.

Jumanne nikakaa na lile tatizo la kumi. Hapa nilitengeneza kitu changu kutokana na chenji ya mama wa genge. Nilikata vikaratasi, vikubwa vimeandikwa 1 na vidogo vimeandikwa robo. Nikamweka mtoto mmoja awe duka la kuchenji. Una noti ya 1 unataka robo, unampa moja anakupa robo nne. Kisha nikabadilisha vikaratasi vidogo vikawa theluthi, una moja anakupa ngapi? Tatu. Moja ya nane? Nane. Halafu nikaleta vya makumi na mamoja, una kumi unataka mamoja anakupa ngapi? Kumi. Nikawaambia jamani ile kumi niliyowafundisha darasa la tatu ilikuwa ya duka hili moja tu, kila duka lina chenji yake, na mimi sikuwaambia, nawaomba radhi. Waliponiangalia niliona haya kidogo lakini nafurahi nimesema. Tangu siku hiyo neno kukopa nimeliacha, tunasema kuchenji. Maana ukiangalia vizuri hatukopi kwa mtu, hela ni ya kwetu wenyewe tumeichenji tu.

Jana nimewapa tena 5 1/4 toa 2 3/4 na nyingine nne za aina hiyo. Waliopata zote tano ni 41. Waliopata tatu au nne ni 19. Waliobaki 14 bado, na kati ya hao 8 hawajakaa sawa hata kwenye kutoa kwa kawaida kwa hiyo nao nimepanga kubaki nao jioni siku mbili kwa wiki, nianze nao na mikanda ya manila.

Yule binti wa dawati la mbele aliandika 11 tena. Nilikuwa nimesimama nyuma yake sikusema neno. Akaiangalia ile 11, akageukia pembeni ya daftari akachora viboksi vinne vidogo, akahesabu kwa kalamu, akaongeza kimoja, akafuta 11 kwa raba mpaka karatasi ikawa nyembamba, akaandika 5.

Swali langu linalofuata, wiki ijayo naingia kugawanya. 2 1/2 gawanya kwa 1/4. Sitaki kuwaambia geuza ya pili uzidishe wakati mimi mwenyewe nikiulizwa kwa nini tunageuza sina maneno mazuri ya kumwambia mtoto. Mnaanzaje?

---

mama_wa_genge

Mwalimu hiyo njoo gengeni kwangu. Nina mafuta ya kula lita mbili na nusu kwenye dumu, wateja wangu wananunua robo lita robo lita. Nitauzia watu wangapi? Lita moja watu wanne, ya pili wanne, nusu watu wawili. Kumi. Kila siku naifanya hiyo.

---

darasa_la_sita_b

Na hapo hapo kwenye dumu la mama ndo kuna jibu la kwa nini tunageuza. Kila lita moja inatoa robo nne, kwa hiyo lita zozote ulizonazo unazizidisha kwa 4. Kugawa kwa robo ni kuzidisha kwa nne, kugawa kwa theluthi ni kuzidisha kwa tatu. Anza na hizo za moja juu tu, siku tatu nne, usiguse 3/4 mpaka wameanza kusema wenyewe kwamba ni mara nne. Halafu njoo na chupa ya robo tatu lita, waulize: chupa ikiwa kubwa mara tatu kuliko ile ya robo, wateja wataongezeka au watapungua, na mara ngapi?

---

mwalimu_wa_kata

Nimeelewa. Kesho natafuta dumu.